Siku Jovelyn Aliporuka Ngazi Tatu

Rosenda alirudi sokoni na kapu la samaki wakavu, akamkuta mama yake amemsimamisha Jovelyn kwenye ngazi ya tatu ya nyumba, kamshika kiuno.

"Ruka, mjukuu wangu. Ngazi tatu, siku tatu, basi. Ukizembea utatokwa na damu wiki nzima."

Kapu lilimponyoka Rosenda. Siku aliyoiogopa miaka miwili ilikuwa imefika naye hayupo. Yeye mwenyewe alivunja ungo katikati ya shamba la mpunga, hajaambiwa lolote. Akajua anakufa, akajilaza tutani kusubiri mauti. Hakutaka mwanawe aonje hofu ile, tena mtoto asiyeona. Lakini kila alipofungua kinywa, haya ilimkaba. Na shule ilipoleta karatasi ya kuomba ruhusa ya masomo ya mwili na balehe, aliisukuma pembeni. "Kipofu na mambo hayo wapi na wapi?" alimwambia mama yake.

Sasa alimkimbilia binti. "Umeogopa, mwanangu?"

"Niogope nini, Mama? Hedhi tu. Nimeshajistiri mwenyewe." Jovelyn alicheka. "Mwalimu Gemma alitufundisha sote: sisi tusioona, viziwi, na Dodong wa kiti cha magurudumu. Alisema ubalehe haubagui. Na anayetaka kunigusa aombe kwanza, hata daktari. Bibi leo kanivamia bila hodi."

"Haya, hodi basi!" alisema bibi.

"Karibu."

Rosenda hakucheka. "Mimi nilikataa kusaini."

Bibi akainua kidole gumba. "Mimi sikukataa. Nilitia dole."

"Wewe? Unayerukisha watoto ngazi?"

"Kuruka ni kuomba bahati. Kujua ni kitu kingine." Sauti ya mama mzee ilishuka. "Nilikuona siku ile ukitoka mpungani, midomo imekukauka. Nilikuwa sijakuambia neno. Nimelibeba hilo miaka yote, Rosenda."

Rosenda alitafuta hasira, hakuipata. Alimshukuru mama yake palepale, kwa sauti, na machozi yakimtiririka bila aibu. Akamshukuru na huyo Gemma, ambaye hakuwa amemwona hata mara moja.

Jovelyn akaruka. Wakamdaka mikono huku na huku, kuku wakatawanyika. Kisha akaingia ndani, akarudi na kitu cha kitambaa kilichojazwa pamba, mwalimu alichowashonea wasomao kwa vidole.

"Lete mkono, Mama. Fumba macho, usichungulie."

Akamwongoza taratibu. "Hii ndiyo njia. Hii mirija, mmoja huku, mmoja huku. Na hapa ndipo tumbo la uzazi."

Rosenda alikuwa amezaa watoto watatu. Alilizungusha kiganjani, likaenea lote.

"Dogo hivi?"

"Dogo, ila linatanuka."

"Na wewe ulienea humu?"

"Nilienea, Mama."

Jovelyn alikwisha kuuachia mkono wa mama yake. Rosenda aliendelea kupapasa, macho kafumba.