Viti Visivyo na Gari

Bosi wa karakana ya Bi Mkasi hakuwa Bi Mkasi. Bosi alikuwa kompyuta iliyotundikwa ukutani. Ikiandika kijivu, mafundi wanashona makava ya viti ya kijivu. Ikiandika nyeusi yenye uzi mwekundu, wanashona hivyo hivyo bila kuuliza. Ndivyo kiwanda cha magari, mteja wao pekee, kilivyotaka: kiti hakivishwi kava mpaka gari lake lianze kuunganishwa, na makava yanapelekwa kwa kufuatana na magari, la mbele kwanza, la nyuma baadaye. Hakuna kuweka akiba, hakuna kubahatisha.

Asubuhi moja kompyuta iliamka nyeusi tii.

"Umeme umekatika?" aliuliza wifi yake Bi Mkasi, dada wa mumewe, ambaye nusu ya karakana ilikuwa yake.

"Umeme upo. Kiwanda ndicho hakipo," alijibu dereva wa lori la kiwandani, akiwa amesimama mlangoni mikono mitupu. "Wadukuzi wameingia kwenye kompyuta zetu usiku, wamefunga kila kitu. Mitambo imelala. Hata geti limegoma, tumelisukuma kwa mabega."

"Kwa hiyo kiwanda kimelogwa?" akadakia fundi mkubwa kuliko wote, mama wa makamo aliyezoea kushona miwani ikiwa puani.

"Uchawi una nafuu, mama. Ungejua mganga wa kumwendea."

Walicheka. Wiki ya pili hakuna aliyecheka. Malori ya kubebea magari mapya yalipangana barabarani kama ng'ombe waliokosa malisho. Kinyozi wa kona alikaa kwenye kiti chake mwenyewe akijitazama kwenye kioo. Wapangaji walianza kumkwepa mwenye nyumba kwa kupitia uani. Watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta walilala na njaa kwa sababu ya kompyuta.

Wifi alikuja na mnunuzi, mtu mwenye shati lililopigwa pasi mno. Aliyazunguka macherehani makubwa ya sindano mbili, akayapapasa kama mtu anayechagua mbuzi.

"Jumamosi nakuja na gari," alisema, akaondoka.

Bi Mkasi alingoja mpaka mlango ufungwe. "Wifi yangu, ukiuza macherehani umeuza karakana. Hawa mafundi utawaambia wakashone kwa kucha?"

"Na yakikaa yatakula nini? Kutu?"

"Nipe mpaka Jumamosi. Nikirudi mikono mitupu, nitayapakia mwenyewe."

Wifi alimtazama kwa jicho la upande. "Haya. Ila kumbuka, mshika mbili moja humponyoka."

"Sisi tulishika moja, wifi. Na imeponyoka vilevile."

Mchana huohuo alikwenda kwa mwenye mabasi ya masafa marefu, bwana mmoja waliyemwita Honi kwa sababu ya sauti yake. Honi alikuwa chini ya basi, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Hodi, mwenye mabasi! Viti vyako vimechanika mpaka abiria wanakalia vyuma."

"Nani huyo? Ahaa, mama wa kiwandani!" Alijivuta nje, mafuta usoni. "Zamani nilikuletea kiti kimoja tu, ukaniambia hamshoni viraka. Leo viraka vimekuwa vitamu?"

"Leo nina njaa, kaka. Mwenye njaa hana haya. Lakini kushona najua."

Honi alicheka mpaka ndege wakaruka juu ya bati. "Chukua hili. Ijumaa jioni linaingia barabarani. Likinipendeza, na mengine ni yako. Likiwa uchi, tusijuane."

Bi Mkasi alipima kiti cha nyuma ya dereva, akapima tena kwa uhakika, akarudi mbio. Mafundi walikata na kushona kwa kasi yao ya kiwandani, mishono imenyooka kama reli. Alhamisi asubuhi wakabeba mzigo mpaka uani kwa Honi wakiimba.

Kava la kwanza lilikaa kama ngozi. La pili halikuingia. La tatu liliingia likaning'inia kama shati la baba kwa mtoto. La nne likapasuka mshono.

Mafundi walimtazama Bi Mkasi, naye akakitazama kiti. Kule kiwandani viti vyote ni mapacha, ukipima kimoja umepima elfu. Humu ndani ya basi kila kiti kilikuwa na maisha yake: hiki kimekaliwa na wanene, kile kimejazwa sponji na fundi wa njiani, kingine kimeegemezewa gunia mpaka kikapinda mgongo. Katika miaka yao yote hakuna aliyewahi kushonea kiti kilichozeeka.

"Nimwite yule wa Jumamosi aje leo?" wifi aliuliza taratibu.

"Usimwite mtu." Bi Mkasi alishusha mkasi kutoka shingoni. "Kosa ni langu, na dawa yake ninayo. Kabla ya kiwanda tulikuwa nani? Si mafundi wa nguo? Kuna aliyewahi kupima bibi harusi mmoja akashonea mtaa mzima? Fumueni. Leteni macherehani hapahapa uani."

Wifi alisogea mbele. Yeye ndiye aliyekuwa mshonaji wa magauni mwenye jina, kabla kompyuta haijamfundisha kutofikiri. Kisha akanyoosha mkono. "Lete huo utepe. Wewe kupima hujui, kaka yangu alikuoa kwa huruma."

Alipanda basi, na sauti yake ikaanza kutoka madirishani. "Huyu ana kitambi, ongezeni mbele! Huyu kibiongo! Huyu mwali, kiuno chembamba, msimharibie!" Mafundi walicheka huku wakikata, na kila kiti kikapata nguo yake. Ijumaa jioni Honi aliingia ndani ya basi lake, akakaa kiti hiki, akahamia kile, akarudi cha kwanza. Kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo.

"Kesho nawaletea la pili."

Jumamosi mnunuzi alifika. Wifi alimpokea mlangoni hata hakumruhusu avue kofia. "Samahani, baba. Macherehani yapo kazini."

Kiwanda kilikuja kuamka, kwa kuchechemea. Afisa wa manunuzi alifunga safari mwenyewe, akakuta karakana imejaa viti vya mabasi.

"Ondoeni hivi," alisema. "Tunataka macherehani yote yatushonee sisi, kama zamani. Tuna magari mengi ya kufidia."

"Karibu sana, ndugu yangu. Utapata nusu," alisema Bi Mkasi.

"Nusu? Mama, sisi ndio tuliokulea!"

"Mmetulea vizuri, ndiyo maana tumekua."

Afisa alimgeukia wifi, akitumaini huko kuna mteremko. Wifi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja bila haraka.

"Umesikia wifi yangu. Nusu, na kazi yenu itatoka safi kama mnavyoijua. Hamtaki, bwana Honi anaitaka hiyo nusu leo."

Afisa alitoka nje kupiga simu. Aliporudi alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Nusu basi. Mnaanza lini?"

"Tukimaliza kiti hiki," alisema Bi Mkasi, akaurusha utepe kwa wifi yake.