Mkungu wa Kwanza wa Rushenyi

Kokuhirwa alimwona Winston, mtendaji wa kijiji, akitoka kwa jirani yake Placida huku bado anatafuna kahawa ya kukaribishia mgeni. Moyo ukamchoma. Kumbe ameanzia kule!

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeshiba huko?"

Winston akacheka, akaegesha pikipiki na kufungua daftari. Kijiji kilikuwa kinaandika habari za kila kitongoji: mipaka, idadi ya watu, na nani alitangulia kuhamia. Rushenyi ni kitongoji kidogo, kaya arobaini na moja zilizobanwa kati ya mlima na Mto Kagera. Ng'ambo ya maji ni Rwanda. Jina la aliyetangulia lingekaa ukurasa wa kwanza.

"Mama Elieza anasema walifika wao kwanza, mwaka sabini na mbili."

"Placida! Hata hilo nalo alichukue?"

Maana Placida alikuwa na kila kitu. Watoto tisa, na wajukuu ambao ukiwahesabu unachanganya majina. Mto ulipofurika ulimega kibanja cha Kokuhirwa, cha Placida ukakizunguka kwa adabu kama mkwe. Kokuhirwa alijaliwa mmoja tu, Joviness, naye ameolewa Ihanda.

"Njoo," alisema, akamshika Winston mkono, akamwongoza hadi bondeni. "Shina hili la mgomba wa enshakala alilipanda marehemu Gaspari wangu tulipohamia. Ona lilivyotanuka! Mafuriko yalipita hapa, halikung'oka. Muulize huyo Mama Elieza kama analo la hivi."

Winston alilizunguka akihesabu hatua, akaandika. Kisha akainua kalamu.

"Na machipukizi mlipewa na nani?"

Kokuhirwa akalishika shina. Kwao mhamiaji hanunui mgomba. Anakwenda kwa aliyemkuta, anapewa machipukizi matatu, na mkungu wa kwanza ukikomaa anampelekea aliyempa. Mwenyewe kamleta mtu kwenye shina, na shina ndilo linalomuumbua.

Angeweza kusema waliyabeba kutoka kwao Nyakakika. Gaspari hayupo wa kumbishia. Lakini alimwona tena Placida wa siku ile, matope magotini, machipukizi matatu kichwani, na tumbo la Elieza limetangulia mbele kama ngoma. Yeye Kokuhirwa alikuwa ameolewa miaka minne bila mtoto. Alilitazama tumbo lile, akasema asante kwa mdomo tu. Mkungu wa kwanza ulipokomaa aliuficha jikoni, akampelekea Placida wa pili, mwembamba, wenye vidole kama vya mtoto. Placida aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru. Miaka hamsini hajauliza neno.

"Bibi?"

"Tulipewa na Placida," alisema kwa sauti ndogo. "Waliwahi mwaka mmoja. Andika."

Winston akaandika. Kokuhirwa akachukua panga, akauchagua mkungu mnene kuliko yote pale shinani, akaukata.

"Funga kwenye pikipiki, mpelekee. Mwambie ndio ule wa kwanza."

"Wa kwanza wa nini, bibi?"

"Mwambie hivyo hivyo, atajua." Winston alikuwa ameshawasha pikipiki Kokuhirwa alipomkimbilia, akashika usukani. "Na kwenye kitabu chako, mjukuu wangu, chini ya jina lake, andika kwamba shina langu ndilo kubwa. Hatua kumi na saba. Umehesabu mwenyewe!"