Bwawa la Brunefont

Mama Mkuu Ermesinde alikuwa jikoni mwa nyumba ya masista ya Brunefont akikatakata vitunguu aliposikia vigae vikivunjika uani. Akatoka na kisu mkononi. Juu ya paa la kanisa lao wanaume walikuwa wakibandua vigae na kuvitupa chini. Padri Gaucher, wa monasteri ya ng'ambo ya mto, alikuwa akiwasimamia.

"Shukeni!" akafoka Ermesinde. "Bado tumo humu!"

"Mmebaki watatu, Mama, na mmoja kipofu. Askofu ameshakata shauri. Nyumba ni yetu sasa, pamoja na kinu cha maji."

"Anza na kinu, Padri. Ndicho mnachokimezea mate tangu enzi za babu zenu."

Wanakijiji walikuwa wamejaa langoni. Ermesinde akawageukia. "Nanyi mnatazama tu? Mwaka wa tauni nani aliwauguza?"

"Na nani alimega unga wetu kila tulipokuja kusaga?" akadakia Perronelle, mke wa mhunzi. "Nyinyi mkate mweupe, sisi pumba! Nendeni zenu, wala msitupungie mkono!"

Watu wakaangua kicheko. Maneno yale yalimchoma Ermesinde, maana yalikuwa ya kweli, na hilo likamzidishia hasira. Akamwambia Sista Mabille amshike mkono Sista Odierne, yule kipofu, wapande kilimani. Yeye akachukua shoka la kuni, akapanda bwawani, juu ya kinu. Lango la mbao lililozuia maji lilikuwa kuukuu. Akalipiga, akalipiga, mpaka likapasuka.

Maji yakashuka yakinguruma. Yakazoa kinu, yakabomoa bweni, yakachimbua msingi wa kanisa. Watu wa paani waliruka wakakimbia. Gaucher alikwama kwenye tope hadi magotini.

"Mwanamke mwovu! Utaungua motoni!"

"Basi nitakungoja huko, Padri."

Hakufa mtu. Lakini kuanzia msimu ule kijiji kizima kilivuka mto kwenda kusaga kwa watawa wa kiume, ambao walimega unga zaidi ya masista. Perronelle alilitemea mate jina la Ermesinde mpaka alipozeeka.

Ermesinde alihamia kwa kaka yake, akalala karibu na banda la mabata bukini. Kila Pasaka padri wa pale alimtaka atubu dhambi ya bwawa. Alitubu uchoyo wa unga. La bwawa hakulitamka kamwe.

Brunefont pakaota matete, ng'ombe wakalishwa hapo.