Uyoga wa Mke wa Mwanangwa

Enzi ya Mwingereza, mwanangwa, yaani mkuu, wa kijiji kimoja karibu na stesheni ya Tura alikuwa Lugembe, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya simba na roho ya kuku. Mke wake wa kwanza alifariki bila kumwachia mtoto. Akaoa mjane kutoka Nzega, Apolinaria, aliyekuja na mwanawe Damas, kijana aliyekwisha kuota ndevu.

Ndoa ilikwenda vizuri mpaka zilipokuja habari kwamba Bwana DC, mkuu wa wilaya, atapita kijijini. Lugembe alitaka awe na la kuzungumza naye zaidi ya kodi na mtama. Akamwita Mwalimu Justus, katekista aliyewahi kukaa seminari mpaka Kilatini kikamshinda.

"Nieleze habari za watawala wakubwa wa zamani," akamwambia.

Justus akafurahi mno, maana hakuna aliyewahi kumwuliza. "Alikuwapo Kaisari Klaudio wa Roma. Mke wake wa mwisho, Agripina, alikuja na mtoto wa kiume wa mume mwingine."

Lugembe akaacha kutafuna karanga. "Mtoto mkubwa?"

"Kijana. Aliitwa Nero. Agripina akambembeleza mumewe amfanye kijana kuwa mwanawe kabisa, naye Klaudio akakubali."

Lugembe akatokwa na jasho. Juzi tu Apolinaria alimwomba amkalishe Damas barazani, asishinde bure nyumbani.

"Halafu?"

"Halafu mke akampikia uyoga. Klaudio alikuwa akiupenda sana."

"Akashiba?"

"Akafa, Mwanangwa. Nero akashika utawala."

Masika yalikuwa yamekolea na msitu umejaa uyoga. Jioni ile Apolinaria akamwandalia mumewe ugali na bakuli la uyoga uliopikwa kwa karanga, unanukia mpaka barabarani. Lugembe akalitazama bakuli, akamtazama mkewe, akamtazama Damas, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa akitabasamu.

"Nimefunga," akasema.

"Umefunga nini? Kwaresima bado."

"Nimetangulia."

Tangu siku hiyo akawa hali cha mezani. Alikula mayai ya kuchemsha aliyoyamenya mwenyewe, na mapera aliyoyachuma mwenyewe mtini. Siku moja Justus akamkuta juu ya mpera, koti lake la uanangwa limenasa tawini.

"Ee, kumbe kama Kaisari Augusto!" Justus akasema kwa furaha. "Naye alikuwa akila tini alizozichuma kwa mkono wake. Wapo wanaosema mkewe Livia alizipaka sumu zikiwa bado mtini."

Lugembe akatema pera lililokuwa mdomoni, akateremka kwa kuanguka.

Mwili ukampungua. Mkanda ukamzunguka mara mbili. Wanawake wakaanza kunong'ona kisimani kwamba yule wa Nzega anamnyima mumewe chakula, na Apolinaria alipoyasikia, alitua mtungi wake akaenda moja kwa moja kwa katekista.

"Mwalimu, umemwambia nini mume wangu?"

Justus akamwambia yote, kwa fahari, pamoja na mambo ya Livia.

Kesho yake Lugembe alikuwa barazani akiamua kesi ya mbuzi, wazee wamejaa. Apolinaria akaingia na chungu kizima cha uyoga, akakitua katikati ya baraza.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mama."

"Huyu mume wangu anaogopa nitamuua ili Damas awe mwanangwa. Nawaulizeni, nikimuua nitarithi nini? Kesi za mbuzi? Kuamshwa alfajiri na walevi? Nimeshalia matanga mara moja, macho yakavimba mwezi mzima. Sina nguvu za kulia tena!"

Akachota uyoga, akala. Akamgeukia mwanawe. "Damas, unautaka uanangwa?"

"Hapana, mama," Damas akajibu, ametahayari. "Nataka kuchochea moto kwenye garimoshi."

Wazee wakacheka mpaka mwenye mbuzi akasahau upande wake wa kesi. Lugembe akaona haya, lakini njaa ilikuwa kubwa kuliko haya. Akavuta chungu. Alikula cha kwake, akala cha wazee, akakikomba kwa vidole. Kisha akashika tumbo, akajiviringisha chini akinguruma.

Kicheko kikakatika. Macho yote yakamgeukia Apolinaria, naye akainua mwiko. "Jamani, si nimekula naye!"

Justus akaja mbio na unyoya wa kuku. "Tumtie kooni atapike! Hata Klaudio, tabibu wake alimtia unyoya!"

"Akapona?" Lugembe akauliza, akiugua.

Justus hakujua kusema uongo. "Unyoya nao ulikuwa na sumu."

Lugembe aliruka kama kijana, akatoka mbio kuelekea relini, koti likipepea, Justus nyuma yake na unyoya, Apolinaria nyuma ya Justus na mwiko. Alipofika kwenye tangi la maji la stesheni, mbio zilikuwa zimekwisha kufanya kazi ya unyoya. Akatapika shibe yake yote, akakaa chini, akapumua.

Apolinaria akampangusa uso kwa kanga yake. "Una njaa?"

"Kidogo," akajibu kwa aibu. "Ule uyoga ulikuwa mtamu."

"Basi nitapika mwingine. Lakini huyu," akamnyooshea Justus mwiko, "afundishe sala na hesabu tu."

Bwana DC alipopita hakuuliza habari za Roma. Aliuliza habari za choo cha rest-hausi, nyumba ya wageni wa serikali, na Apolinaria ndiye aliyemjibu, maana Lugembe alishikwa na kigugumizi.

Mavuno yalipokwisha, Damas akapata kazi ya kuchochea moto kwenye garimoshi la Kigoma. Siku ya kuondoka, mama yake alimpa kuku wa kukaanga na mawaidha mafupi. Aliyelia ni Lugembe. Alilia kwa sauti ya simba, ameng'ang'ania mlango wa behewa, mpaka stesheni masta akaja kumbandua.

"Baba, nitarudi Krismasi," Damas akamwambia kutoka dirishani.

"Kula vizuri huko," Lugembe akasema, akifuta kamasi. "Kula chochote watakachokupa!"