Mtu wa Kuanguka

Nabor Escamilla alianguka kwa mara ya tisa kabla ya saa tano asubuhi. Alianguka kama alivyofundishwa: goti la kushoto kwanza, kisha kiganja, kisha kifua, uso ukiwa umeelekea makabati ya wanafunzi. Sakafu ilinukia nta aliyoipaka mwenyewe Jumatatu. Mgongoni, chini ya shati lake la kijivu la kazi, risasi ya rangi ilikuwa imepasukia palepale ilipopasukia ya jana.

Hakusogea. Ukishapigwa umekufa, husemi, hukohoi, hujikuni, mpaka mkufunzi aseme zoezi limekwisha. Wakati mwingine mkufunzi alikuwa na maelezo marefu ya kutoa kule mwisho wa korido, na Nabor akalala muda mrefu kiasi kwamba taa za juu yake, zile za kuzimika zenyewe pasipo na mtu anayesogea, zilizimika.

Buti zilimruka. Bastola ya plastiki ikasukumwa kwa mguu kutoka kiganjani mwake.

"Limekwisha," akasema Bwana Kessler, mkufunzi aliyeletwa kutoka Dallas. "Dustin, sekunde nne. Juzi zilikuwa saba. Unaona? Mkono unaanza kujua wenyewe."

Dustin Haverkamp, kijana wa miaka ishirini na minne, alimpa Nabor mkono ainuke. Alikuwa amesoma shule hiihii.

"Samahani, Mzee Nabor. Nimekupiga palepale tena?"

"Una shabaha."

"Ningekuwa nayo darasa la tatu, yale matapishi uliyonifutia yangeingia kwenye ndoo."

Wakacheka kidogo. Kisha Dustin akaenda kunywa maji, na Nabor akaleta ufagio wa deki akafuta rangi yake mwenyewe sakafuni, maana raundi ya kumi ilianzia hapohapo.

Jambo lenyewe lilikuwa limekwenda haraka. Agizo lilitoka kwa serikali ya jimbo la Texas kwamba kila shule iwe na mtu mwenye silaha, wa kuzuia wavamizi wenye bunduki. Bodi ya shule za mji ule ikapiga kura iwe na kikosi chake cha polisi: mkuu mmoja, maafisa watano, magari mawili. Ili kikosi kipatikane, wasafishaji wa shule ya msingi wakapunguzwa kutoka wanne hadi mmoja. Aliyebaki ni Nabor, kwa kuwa alikuwa na miaka ishirini na sita kazini na alizijua kufuli zote.

Mwalimu mkuu, Bi Rayburn, ndiye aliyemwita ofisini mwezi Juni. Akamweleza kwa upole kwamba kikosi kinahitaji mtu wa kuigiza mshambuliaji, mtu anayeijua milango, ambaye wakati wa likizo yuko shuleni kwa vyovyote vile. Hakumlazimisha. Alisema tu kwamba bodi itapitia mikataba Agosti, na kwamba inapenda kuona nani anajitolea. Mezani palikuwa na karatasi. Nabor aliuliza kama bima yake inaendelea. Bi Rayburn akasema, bila shaka, maadamu yuko kazini. Nabor akatia sahihi.

Bima ile ndiyo iliyomlipia mkewe mashine ya hewa. Mapafu ya Herlinda yalikuwa yamekufa nusu, na mashine ilikaa kando ya kitanda ikivuta na kusukuma. Nabor hakuwa na jambo lingine la kufikiria.

Siku ya kwanza ya mazoezi aliuliza kama avue bunda la funguo kiunoni. Kessler akasema aliache. Wazisikie, alisema, wajifunze kuufuata mlio.

Jioni moja Herlinda alimpaka mafuta mgongoni. Alama zilikuwa duara duara, zambarau na njano.

"Hawana mtu mwingine wa kupiga?"

"Ni rangi tu."

"Wangemtafuta kijana."

"Vijana wamekuwa polisi," Nabor akasema.

Herlinda alitaka kucheka, lakini pumzi haikutosha. Wakala mikate ya tortila na mayai, wakalala.

Shule ilifunguliwa. Maafisa walivaa sare mpya na watoto waliwazoea upesi. Dustin aliwekwa shule ya msingi. Alimsaidia Nabor kubeba meza mara mbili tatu, na alimwita mzee mbele za watu, jambo ambalo si wote walilifanya.

Alhamisi moja ya Oktoba, saa ya chakula cha mchana, rundo la sinia lilianguka jikoni, sinia themanini za plastiki ngumu juu ya vigae. Mwalimu mmoja katika jengo la pili alisikia mlio, akadhani ni risasi, akabonyeza kitufe, kama alivyofundishwa. Sauti kutoka ukutani ikasema mara tatu kwamba shule ifungwe. Milango ikafungwa, taa za madarasa zikazimwa, watoto mia tatu wakaketi sakafuni mbali na madirisha, wakanyamaza.

Kazi ya Nabor wakati kama huo ilikuwa kuhakikisha mlango wa nje wa maktaba umefungwa. Ilikuwa imeandikwa. Akaenda, akaufunga, akarudi kwa korido ileile, deki mkononi, funguo zikilia kiunoni. Akakata kona.

Dustin alikuwa mwisho wa korido. Zilikuwa sekunde tatu.

Nabor alianguka goti la kushoto kwanza, kisha kiganja, kisha kifua, uso ukiwa umeelekea makabati. Alijua kwamba si rangi, kwa sababu rangi ni baridi na hiki kilikuwa cha moto, kilichoshuka kutoka nyonga kwenda pajani na kujaa ndani ya kiatu. Hakusema kitu. Dustin akapiga kelele kwamba korido ni salama, akapiga mpini wa deki teke, akamruka, akakimbia mbele kutafuta wa pili. Ndivyo ilivyofundishwa: aliyeanguka haangaliwi, anatafutwa wa pili.

Nyuma ya mlango wa maktaba kulikuwa na darasa zima. Hakuna mtoto aliyekohoa.

Nabor alilala. Alihesabu vigae kati ya uso wake na kabati. Taa za juu yake zikazimika.

Dustin alirudi baada ya dakika kumi na moja, amejulishwa kwa redio kwamba zilikuwa sinia. Alipopita, taa ziliwaka. Aliona shati, kisha akaona uso, akapiga magoti katika damu.

"Mzee Nabor. Mbona hukusema? Mbona hukusema kitu?"

Nabor alilifikiria swali lile.

"Hukusema limekwisha," akajibu.

Hospitalini alikuja Mkuu wa kikosi, Lonnie Stroud, kofia mkononi. Akauliza habari za Herlinda kwanza. Kisha akatoa karatasi mpya ya kutia sahihi na nakala ya ile ya Juni, akaonyesha kwa kidole mstari ambao Nabor hakuusoma: hatadai fidia kwa majeraha yatokanayo na zoezi, au na shughuli yoyote ya kikosi.

"Hakuna anayekutisha, Nabor. Ukibaki na sisi, unarudi kazini polepole, bima inabaki. Ukienda kwa wakili, basi umetoka nje. Na bima ni ya walio ndani."

"Dustin yuko wapi?"

"Nyumbani, mshahara unaendelea. Mama yake anasema hapati usingizi."

"Mwambieni alale," Nabor akasema, akaomba kalamu.

Kwenye kikao cha Novemba bodi ilikipongeza kikosi kwa wepesi wake. Sekunde tatu zilitajwa. Jina la Nabor halikutajwa, kwa kuheshimu faragha yake.

Damu ilitoka kwenye vigae lakini si kwenye saruji iliyo kati ya kigae na kigae. Nabor alijaribu dawa tatu za kusafishia, akiwa ameegemea fimbo. Mwishowe Bi Rayburn aliagiza picha kubwa ya nyoka, nembo ya shule, ikabandikwa sakafuni juu ya doa.

Juni iliyofuata wilaya nne za jirani zilileta maafisa wao kujifunza hapo, kwa sababu kikosi kilikuwa kimeshajulikana. Kessler alirudi. Alimtazama Nabor akitembea, akamwambia hatakimbia tena. Safari hii atakuwa majeruhi, alale tu. Akamlaza juu ya nyoka.

"Mtazameni huyu," Kessler akawaambia wageni. "Hasogei. Majeruhi wa kweli yuko hivi."

Walimruka, mmoja baada ya mwingine, watu kumi na wanane. Buti mpya, zenye harufu ya duka. Kisha Kessler akasema limekwisha, na kwamba nyama ya kuchoma iko tayari ukumbini.

Nabor aliweka kiganja sakafuni, akasukuma. Nyonga haikuitika. Akangoja kidogo ajaribu tena. Mlango wa ukumbi ulifunguka, vicheko vikatoka, ukafungwa.

Taa zilizimika.