Kabla ya Bismillahi

Chuoni kwetu Aleksandria kuna ukumbi wa mihadhara unaochukua wanafunzi mia nne, na tangu nianze mwaka wa kwanza sijawahi kuusikia ukiwa kimya. Mhadhiri hugonga kipaza sauti kwa kidole, hukohoa, hutishia kuondoka. Siku moja aliondoka kweli, na ilituchukua muda kugundua. Huyu anaposti picha ya viatu vyake vipya, yule anatazama mpira chini ya dawati, na kule nyuma kuna watu wanaokula mbegu za maboga kama wako sinema. Silaumu mtu, maana nami nilikuwa humo humo nikitafuna. Ila nilikuwa nimeshaamini kwamba binadamu wakiwa wengi mahali pamoja hawawezi kunyamaza, na anayesema wanaweza ni muongo.

Kumbe nilikuwa sijaona kitu. Nilikiona Oktoba, niliporudi kwetu Siwa, mji wa jangwani, kwa sikukuu ya mlima Dakruri, ingawa nilikuwa nimeapa kwamba mwaka ule sirudi.

Niliapa kwa sababu ya Baba. Mwezi wa Juni, tulipokuwa katikati ya mitihani, bibi yangu mzaa baba alikuwa mgonjwa kitandani. Kila jioni nilipiga simu nyumbani na kuomba kuzungumza naye. Baba ndiye aliyekuwa akipokea. Leo ananiambia Bibi amekwenda kwa jirani, kesho yuko msalani, keshokutwa anaswali. Bibi aliyekuwa hawezi kugeuka kitandani bila kushikwa, ghafla akawa mtu wa matembezi. Na mimi, msomi wa umeme na saketi zake, nilifurahi. Niliwaambia wenzangu wa bweni kwamba bibi yangu amepata nafuu, nikanunua keki ya basbusa tukala, nikasoma kwa bidii zaidi.

Alikuwa ameshazikwa.

Niliambiwa siku nilipomaliza karatasi ya mwisho, karibu wiki tatu baadaye. Mama alipiga simu nikiwa bado kwenye ngazi za ukumbi, na nilijua kwa jinsi alivyolitaja jina langu. Nyuma yake nilimsikia Baba akikohoa. Nikamwambia Mama ampe simu. Nilisikia ikihama mkono, nikasikia pumzi, halafu ikarudi kwa Mama.

Hebu fikiria. Tunaishi zama ambazo mto ukifurika upande wa pili wa dunia, picha inakufikia kabla maji hayajakauka. Mcheza mpira akimwacha mkewe, najua kabla ya mkewe. Nimelala kitandani Aleksandria nikamwona mtu wa Brazili nisiyemjua akikata kitunguu. Lakini habari ya nyumbani kwetu, ya mwanamke aliyenifundisha kushika kijiko, ilitembea polepole kuliko punda. Sikumzika. Sikukaa matangani. Nilipotaka kulia, wenzangu wa nyumbani walikuwa wameshakausha machozi na kurudisha vyombo vya watu.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimepata alama za juu kuliko zote nilizowahi kupata. Niliyatazama kwenye simu, nikaizima.

Basi nikafanya wanavyofanya vijana wa leo: nikaifungia namba ya Baba isiingie tena kwenye simu yangu. Kidole kimoja tu, na mzazi hayupo. Wafalme wa zamani walilazimika kumfukuza mtu nchini. Mama nilimsamehe wiki ileile, na wala sikujiuliza kwa nini, ingawa naye alijua kila kitu. Likizo yote sikwenda nyumbani. Nilifanya kazi kwenye duka karibu na stesheni ya treni, nikikaanga taamia, zile bajia za maharage, mpaka nguo zangu zote zikanuka kitunguu saumu, na kila aliyeniuliza kwa nini sijaenda kwetu nilimwambia kwetu ni mbali.

Oktoba Mama akapiga. Hakubembeleza. Alisema tu kwamba mkate wa Dakruri mwaka huu ameuoka yeye. Kila nyumba hupeleka mkate wake mlimani, na wa nyumba yetu siku zote ulikuwa wa Bibi.

"Njoo uule," alisema, "uniambie kama umefikia wa bibi yako. Hawa wa hapa wote wananisifia, siwaamini."

Nikapanda basi.

Baba alikuja kunipokea na guta lake la kubebea tende. Nilimsalimu, maana adabu ni adabu, naye akaitikia. Akachukua begi langu, akaliweka nyuma juu ya magunia, akalifunga kwa kamba ingawa lisingeanguka. Njia nzima injini ndiyo iliyozungumza. Nyumbani kitanda cha Bibi kilikuwa kimeondolewa, na mahali pake paliwekwa gunia la zeituni. Nililala siku hiyo nikiwa nimeugeukia ukuta.

Kesho yake tukaenda mlimani.

Wanaume wote wa Siwa huwa pale, wa mashariki ya mji na wa magharibi, ambao zamani walikuwa wakiuana. Siku hizo hakuna anayekula kwake. Masufuria huchemka tangu asubuhi. Mkate wa kila nyumba hukatwakatwa kwenye sinia la nyumba hiyo, unamwagiwa mchuzi, juu yake wali, na juu ya wali nyama. Hakuna kiti, hakuna meza ya wakubwa. Meneja wa benki anakunja miguu chini karibu na muuza mbuzi, na muuza mbuzi anamwambia asogee. Halafu watu wote, maelfu, wanakaa mbele ya chakula kinachofuka moshi na hakuna anayenyoosha mkono, mpaka mtu aliyesimama juu ya jabali aseme Bismillahi.

Naye hasemi mpaka watu wawe safi. Ada yetu haimruhusu mtu kula Dakruri akiwa na kinyongo na mwenzake. Kila safu ina mzee wake anayepita sinia kwa sinia na kuuliza. Safu ikiwa safi, huinua mkono. Mikono yote ikiwa juu, ndipo yule wa jabalini anasema. Tangu utotoni nilikuwa nikijibu "Tumesameheana" kama mtu anavyojibu "Nzuri" akiulizwa habari za asubuhi, macho yangu yakiwa kwenye nyama.

Mzee wa safu yetu alikuwa Mwalimu Dahmani, aliyenifundisha hesabu darasa la nne na hakuwahi kunipa alama bila kununa. Kwenye sinia letu tulikuwa mimi, Baba, na jirani yetu Ami Hamuda, mtu mnene mwenye mdomo mwepesi, ambaye alikuwa ameshachagua kipande chake kwa macho. Nyumba moja hukaa sinia moja. Sikuwa na pa kukimbilia.

Mwalimu akasimama juu yetu. "Kuna mwenye kinyongo?"

Ami Hamuda akasema hana. Baba akasema, "Mimi sina kinyongo na mtu."

"Miftah?"

Nilitaka kusema neno la kila mwaka. Lilikuwa mdomoni. Lakini mbele yangu palikuwa na mkate ambao Bibi hakuuoka, na ulimi ukanigomea.

"Ninacho, Mwalimu."

"Na nani?"

"Na Baba."

Nilidhani atanikaripia. Hakunikaripia. Aliunganisha mikono yake nyuma ya mgongo, akasimama pale pale, akangoja.

Nikatazama huku na huku. Mkono mmoja uliinuka upande wa mitende michache iliyo chini ya mlima. Mwingine ukainuka karibu na masufuria. Ukainuka mwingine, na mwingine, safu kwa safu, hadi ikawa mikono yote ya Siwa iko juu isipokuwa wa Mwalimu Dahmani. Mtu wa jabalini akageuza uso upande wetu. Halafu watu wakanyamaza.

Sijui niueleze vipi ukimya ule. Hakuna aliyeuliza kuna nini. Hakuna aliyeguna. Watoto waliokuwa wakikimbizana wakakaa. Maelfu ya watu wenye njaa, chakula puani mwao, wakatulia kwa sababu mwanafunzi mmoja, mahali fulani ambapo wengi hawakuweza hata kupaona, ana jambo na baba yake. Nilisikia mchuzi ukichemka kwenye sufuria la mwisho. Niliogopa, na haikuwa hofu ya kupigwa wala ya aibu. Nilijiona mdogo sana, na wakati huohuo nikaona kwamba bila mimi watu wote hawa hawali.

Ami Hamuda akaniinamia. "Wali unapoa, mwana wa chuo. Sema lako."

"Alinificha kifo cha Bibi."

"Yeye?" Ami akamtazama Baba, kisha mimi. "Yeye peke yake? Nani alikuambia alikuwa peke yake? Siku ya maziko baba yako alisimama msikitini baada ya swala. Huyu, asiyejua kusimama mbele za watu. Akasema, mwanangu yuko kwenye mtihani, nawaombeni mtu asiandike kitu. Akakaa. Basi. Tukanyamaza wote. Mwanangu Anwari hawezi kunywa chai bila kuirusha mtandaoni, naye alinyamaza. Kama ni kinyongo, kigawe, mwanangu. Anza na mimi."

Nilikumbuka. Wakati wa mitihani nilikuwa nikifungua kundi la simu la vijana wa Siwa kila siku, kupumzisha kichwa. Walituma picha za tende, walitaniana kuhusu mpira, walinitakia mafanikio. Anwari alinitumia kichekesho cha ngamia. Walikuwa wametoka kumzika bibi yangu, mchanga uko kwenye kucha, na hakuna hata mmoja aliyeteleza. Mji mzima, kila mtu na simu mfukoni, ulikuwa umeuma ulimi ili mimi niandike karatasi ya umeme. Na sasa watu walewale walikuwa wameizuia mikono yao wakiningoja.

Natamani kusema kwamba hasira iliniisha. Haikuisha. Ila nilishangaa mno, na mtu aliyeshangaa hawezi kukasirika vizuri.

Baba akazungumza, kwa sauti ya chini, akiwa anautazama wali. "Sijui kama nilifanya sawa. Kila ulipopiga nilikuwa nimeshajiandaa kukuambia. Nasikia sauti yako, unanieleza ulivyosoma, naogopa. Nikasema, moja limeshatutoka, la pili lisiharibike. Nisamehe ukiweza."

"Hujaniambia mpaka leo, Baba. Aliyeniambia ni Mama."

"Nikuambie nini, na wewe unajua?"

"Niambie vile ambavyo ungeniambia siku ile."

Aliinua uso. Alikuwa amezeeka tangu likizo ya Februari, nilipomwona mara ya mwisho, na mimi sikuwa nimetazama. Akajifuta mikono kwenye kanzu, ingawa ilikuwa haijagusa chakula, akanigeukia mwili mzima.

"Miftah, mwanangu," alisema. "Bibi yako amefariki. Alfajiri hii, kabla ya adhana. Usiku alikuulizia. Aliuliza kama huko Aleksandria unakula."

Ndipo nilipofiwa. Nikasema, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Ami Hamuda akairudia. Mwalimu Dahmani akairudia. Sinia la jirani yetu likarudia, na la pili yake, maana Mwislamu akiisikia haulizi ni nani aliyefariki, huitikia. Ikatoka kwenye safu yetu ikaenda safu ya mbele, ikawafikia watu wasionijua, ikawapita wapishi, ikapanda mlima. Watu maelfu, wa mashariki na wa magharibi, walimwitikia bibi yangu, wengi wao wasijue wanamwitikia nani. Niliisikia ikifika jabalini kwa yule mtu, naye akaisema, akiwa wa mwisho. Hayo matanga niliyokuwa nikiyalilia, sidhani kama kuna mjukuu aliyewahi kupewa makubwa kuliko hayo.

Mwalimu alikuwa bado amefunga mikono nyuma. "Miftah," aliniuliza, kwa sauti ileile ya darasa la nne, "kuna mwenye kinyongo?"

"Tumesameheana, Mwalimu."

Akainua mkono. Juu ya jabali yule mtu akasema Bismillahi, na mikono yote ya Siwa ikashuka kwa pamoja.

Baba akanyofoa nyama akaiweka upande wangu. Nikachimba chini ya wali mpaka nikaupata mkate, nikala nikiwa ninalia, na Ami Hamuda, Mungu amlipe, akajifanya anashughulika na mfupa. Mkate haukufikia wa Bibi. Ulikuwa mgumu kidogo pembeni, na chumvi haikutosha. Baba naye alikuwa anautafuna. Tukatazamana, na sote wawili tukajua, na hakuna aliyemwambia mwenzake.