Mwenye Tanuri

Mji mzima wa Kokand hakuna anayeijua mikate kunishinda mimi. Kuoka sijui, nilijaribu nikatoa makaa. Mimi najua kula, na ya Hosiyat, mwoka mikate wa sokoni, huila nikiwa nimesimama palepale dirishani pake, haifiki nyumbani.

Siku moja alikuwa akilipiga donge la unga kama limemtukana. Chini ya mzabibu, shemeji yake Ergash alikuwa akimmiminia chai mgeni, Bi Mavluda wa ofisi ya mkoa. Soko la zamani linabomolewa. Kwenye soko jipya kila biashara ndogo itapewa kibanda, kwa jina la mwenyewe.

"Na mwenyewe ni nani hapa?" mgeni akauliza.

"Si mimi huyu," alisema Ergash. "Marehemu kaka aliniachia. Naamka alfajiri, nawasha moto, nabandika mikate. Shemeji ananisaidiasaidia tu."

Anamsaidia! Hosiyat alizika mume, na machozi hayajakauka akarudi kwenye moto, kwa kuwa watoto hawali matanga. Ergash alfajiri anaijua kwa kusimuliwa. Kibanda kikiandikwa jina lake, Hosiyat atakuwa kibarua kwenye tanuri lake mwenyewe, na huyo bwana si mtu wa kulipa kibarua.

Hosiyat akaliacha donge, akaja mpaka mezani, unga hadi kwenye nyusi.

"Shemeji, leo nimekusaidia nini?"

"Usinivunjie heshima mbele ya mgeni, shemeji."

"Mgeni kauliza kazi, nami najibu kazi." Akapandisha mkono wa gauni mpaka begani. Mkono wa kulia, ule unaozama tanurini kubandika mikate ukutani, haukuwa na unyweleo hata mmoja. Makovu ya moto juu ya makovu. "Bi Mavluda, zunguka mji mzima. Kila mwoka mikate mkono wake uko hivi. Sasa na huyu akunje shati."

Bi Mavluda akaweka kikombe chini. Akalitazama shati la Ergash, jeupe, limefungwa vifungo hadi kwenye vifundo vya mikono.

"Kunja basi, kaka, tuone."

Ergash akaubana mkono ubavuni.

"Nasikia baridi," alisema.

Ilikuwa Julai, kwetu mwezi wa joto kali, jua la utosi, tanuri likiunguruma mgongoni kwake, na jasho lilikuwa likimdondoka kwenye ncha ya pua, tone baada ya tone, ndani ya chai.